Kamera ya mkanda, ile ya kubonyeza tu: ninunue ipi hapa Mombasa?

binti_makadara
Ijumaa, saa 11 jioni

Assalaam aleikum na hamjambo nyote. Mimi ni wa kusoma tu humu, leo nimelazimika kuandika.

Juma lililopita nyanya alifungua sanduku lake tutafute picha ya kitambulisho ya marehemu babu. Hatukuipata, tukapata bahasha tatu za picha za harusi ya mama, 1988. Kuna shangazi kafumba macho, kuna ami yangu kakatwa kichwa, kuna sinia ya biriani iliyopigwa peke yake kana kwamba ndiyo bi harusi. Tulikaa nazo mpaka usiku wa manane. Nikarudi kwa simu yangu: picha elfu kumi na moja, na sikumbuki mara ya mwisho nilipoketi na mtu tukazitazama.

Basi nataka kamera ya mkanda. Si ya kazi, ni ya kutembea nayo: ufukweni Mama Ngina jioni, harusi ya binamu mwezi wa nne, watoto wa dada yangu. Sitaki kuzungusha mapete na kupiga hesabu za mwanga, nataka ya kulenga na kubonyeza. Nina shilingi 15,000, na humo humo zitoke betri na mkanda wa kwanza.

Nimeona nne. Olympus mju II mtandaoni kwa 32,000, hiyo nimeitaja mnicheke tu. Canon AF35M kwa muuza mtumba wa vyombo vya umeme, 6,000. Olympus Trip 35 ya rafiki wa ami yangu, 5,000. Na moja ndogo ya miaka ya 90 yenye zumu ndefu, 2,500, jina lake limefutika. Nishaurini.

tuktuk_ya_buxton
Ijumaa, saa 11 na nusu

Dada, mbona ujitese? Simu yako ina programu ya kutia rangi za kizamani, bure kabisa. Mkanda mmoja picha 36, ununue, ulipe kusafishwa, ulipe kuskaniwa, halafu mwishowe uitume kwa WhatsApp kama picha ya simu. Hesabu hiyo mimi imenishinda.

binti_makadara

Kaka, nimekusikia. Lakini hizo 36 ndizo nizitakazo. Na hizo nilizo nazo kwa simu, chagua yoyote ununue, nakuuzia kwa jumla.

tuktuk_ya_buxton

😂 Haya, nimekaa kando. Nafuata uzi.

fundi_ganjoni
Ijumaa, saa 2 usiku

Dada, nitakujibu kwa urefu kwa sababu hizi kamera huletwa kwangu zikiwa zishakufa, na aghalabu aliyezileta alinunua jina.

Hiyo ya zumu tuiondoe kwanza. Bei yake nzuri, ubaya ni kwamba lenzi ikitoka nje yote mwanga unaopita ni kidogo mno. Nyingi za aina hiyo kitundu huishia f/11 au karibu na hapo (namba ya f ikiwa kubwa, kitundu ni kidogo). Lenzi isiyo na zumu ya f/2.8 hupitisha mwanga mara 16 ya huo. Maana yake, ukivuta zumu jioni, kamera ama italazimisha flashi, ama itaacha shata, kile kilango cha mwanga, wazi mpaka mkono utikisike. Zaidi ya hayo, ndani mna utepe mwembamba wa nyaya unaojikunja kila lenzi inapotoka na kuingia. Miaka 30 ya kujikunja hiyo. Ukikatika, sina cha kukusaidia.

mju II ni kamera nzuri, sitakataa. Ilitoka 1997, lenzi ya milimita 35 ya f/2.8, Marekani waliiuza kwa jina la Stylus Epic. Ndogo kama kipande cha sabuni, na ina mpira wa kuzuia matone, ingawa matone si kuogelea nayo. Ila mambo mawili. Kila ukiifungua, flashi hurudi kwenye hali ya kujiwasha yenyewe, hata kama dakika moja nyuma uliizima. Utasahau, na utamwangazia imamu usoni. La pili, ndani ni bodi tupu, vipuri hakuna. Ikifa, ni jiwe. Jiwe la 32,000.

Zimebaki Canon na Trip, na hapo ndipo penye mjadala.

Canon AF35M ni ya 1979. Wajapani wenyewe waliiita Autoboy, Wamarekani Sure Shot. Usichanganyikiwe ukiona majina tofauti, kamera ni hiyo hiyo. Lenzi milimita 38, f/2.8. Hutuma mwale wa infraredi, ukagonga kitu ukarudi, ndipo inajua umbali. Yenyewe huvuta mkanda kwa mota, na mota yake ina kelele kama blenda ya juisi ya ukwaju. Flashi huiinui mpaka utake wewe, kuna swichi mbele. Kwangu mimi hilo peke yake lashinda umaarufu wote wa mju.

Na betri: ni mbili za AA. Zile za rimoti ya TV, kila kioski inazo. mju II na wenzake wa jina kubwa, Yashica T4 na Contax T2, zote hizo hula CR123A, betri maalumu za kamera. Zapatikana mjini ukizitafuta, lakini ziishe uko Shanzu siku ya Jumapili ndio utajua mimi nilisema nini.

Ukienda kuitazama, chukua AA zako mwenyewe. Fungua kijumba cha betri kwanza kabla ya chochote. Ukiona unga wa kijani au mweupe, hiyo ni betri iliyovuja. Kidogo husafishika kwa siki na pamba, kingi kimeshakula nyaya. Kisha fungua mgongo, elekeza lenzi kwenye taa, bonyeza: uone mwanga ukipepesa katikati. Usipouona, shata imeganda. Gusa sifongo nyeusi za kwenye kingo za mlango: zikikuachia masizi ya kunata kidoleni, zimekufa, mwanga utapenya na mkanda utaungua. Hilo si la kukufanya uiache, ni kazi ya saa moja, lakini ni sababu ya kupunguziwa bei. Mwisho mulika tochi ya simu nyuma ya lenzi uchungulie kwa mbele. Utando kama wa buibui ni kuvu, na pwani hapa kuvu ni mpangaji asiyelipa kodi. Uzi mmoja pembeni hautaonekana kwenye picha. Ukijaa katikati, iache.

Onyo moja na hili si mzaha: usiifungue kwa bisibisi. Kapasita ya flashi hubeba volti 300 hivi na huzihifadhi hata betri ukizitoa. Mimi imenirusha mara mbili.

mzee_wa_studio
Ijumaa, saa 4 usiku

Mwanangu, fundi amesema kweli, lakini mimi siungani naye kwenye kuchagua.

Nalikuwa na studio ndogo mjini toka 1981, na kabla ya hapo nalikuwa mtoto wa kushika taa kwa mtu. Nalipiga pia Likoni kule karibu na feri, siku zile wapiga picha walikuwa na vibanda na mapazia yaliyochorwa meli na ndege na majumba ya ghorofa. Mtu atoka bara mara ya kwanza, ashuka, apigwa picha yuaonekana yupanda ndege, aipeleka kwao. Wallahi zile picha zingali kwenye kuta za watu.

Sasa, hino Trip 35. Imetengenezwa toka 1967 mpaka 1984, na haina betri kabisa. Ule ukuta wa vijiduara unaozunguka lenzi ni seleniamu, hutoa umeme kwa mwanga wenyewe. Hapa kwetu mwanga ni wa kumwaga. Ina kasi mbili tu za shata, moja kwa mia mbili ya sekunde na moja kwa arubaini, yajichagulia. Ukitia mkanda wa ISO 200 (hiyo ni namba ya wepesi wa mkanda kupokea mwanga), jua la saa sita la Mombasa laiingia kama kidole kwenye pete. Palipo giza, bendera nyekundu yainuka kwenye kitundu cha kuchungulia na shata yakataa. Yakwambia "hapana", haikudanganyi.

Utaniambia haijitafutii fokasi. Kweli. Kuna alama nne tu: kichwa cha mtu, watu wawili, kundi, na mlima. Uiweke kwenye kundi uisahau. Mchana kitundu cha lenzi huwa kidogo, kila kitu chatoka safi toka hatua mbili na nusu kwendelea.

Na hao wa kujitafutia fokasi nawajua. Konica walianza 1977 na ile C35 AF, ikaja Canon, tukazikimbilia sote. Harusi ya kwanza niliyokwenda nayo, bwana na bibi wamesimama, kati yao nafasi ya shubiri. Kamera ikalenga ile nafasi. Pazia la nyuma limetoka nyuzi zahesabika, maharusi moshi mtupu. Picha kumi na mbili. Mpaka leo yule bwana akiniona msikitini hupita safu nyingine.

fundi_ganjoni

Mzee wangu, shikamoo. Hilo la nafasi katikati ni kosa la mpigaji, samahani 😅 Lenga uso wa mmoja, funga fokasi hapo, rudisha kamera katikati, ndipo upige. Canon ina kufuli hiyo.

mzee_wa_studio

Marahaba. Najua sasa. 1982 nani aliyekuwa yuasoma kitabu cha maelezo?

Chuma_Tanga
Jumamosi, saa 1 asubuhi

Wakuu, habari za asubuhi kutoka Tanga. Naomba kuuliza, kwa nini mju II na Yashica T4 zimepanda bei kiasi hiki? Mimi baba alikuwa na T4, aliigawa bure kabisa mwaka 2009, na nikikumbuka natamani kulia.

fundi_ganjoni

Mkuu, pole sana. Ni kuonekana tu mikononi mwa watu mashuhuri. T4 ina lenzi ya Tessar ya Carl Zeiss, Contax T2 ina Sonnar na mwili wa titani, ni vitu vya maana, sipingi. Ila hazitengenezwi tena na wanaozitaka kila siku wanaongezeka. Ukitaka mpya kabisa, Pentax walitoa yao 2024, Pentax 17, ambayo hugawa kila fremu mara mbili: mkanda wa 36 unakupa 72. Bei yake Marekani ilianzia dola 500. Kwa hesabu ya dada yetu, hapana.

Chuma_Tanga

Za nusu fremu za zamani je?

fundi_ganjoni

Olympus Pen EE, toka 1961. Seleniamu kama Trip, na haina hata fokasi ya kuzungusha. Ukiipata nzima kwa bei ya mtumba, usiniulize, nunua. Kasoro ni kwamba ukiishika kawaida picha hutoka wima, na mkanda wenye picha 72 huchukua miezi kumalizika. Kwa joto letu sipendi mkanda ukae ndani ya kamera miezi.

duka_la_vitu_adimu
Jumamosi, saa 3 asubuhi

Aliyeweka hiyo mju II ni mimi. Naona nasemwa bila kuulizwa. Ni kamera safi, imetoka kwa mzungu wa Nyali, haijatumika sana. Bei inazungumzika kidogo.

fundi_ganjoni

Karibu ndugu. Umeijaribu kwa mkanda?

duka_la_vitu_adimu

Inawaka vizuri na lenzi inafunguka.

fundi_ganjoni

Umeijaribu kwa mkanda?

tuktuk_ya_buxton

Kimya kimetanda kama Nyali Bridge saa tisa usiku.

duka_la_vitu_adimu

Sijaijaribu. Lakini naongeza mikanda miwili ya bure, ya 2006, haijafunguliwa.

mzee_wa_studio

Mikanda ya 2006 ilikaa wapi? Kama ni kwenye friji, ni zawadi. Kama ni kwenye kabati la duka la Mombasa miaka yote hiyo, ni uchafu. Joto laula mkanda polepole, rangi zageuka matope, chembe zajaa kama mchanga. Wenzetu wa nchi za baridi husema ongeza mwanga maradufu kwa kila miaka kumi. Hesabu hiyo haikupigwa na mtu aliyelala bila feni mwezi wa tatu.

Mwanangu, mkanda mpya weka friji, chini, si kwenye barafu. Siku ya kuutumia utoe saa mbili kabla, uuwache ndani ya kikebe chake mpaka upate joto la chumba. Ukifungua ungali baridi, unyevu waganda juu yake. Na usiiache kamera kwenye dashibodi ya gari.

binti_makadara
Jumamosi, saa 8 mchana

Ami na fundi, Mungu awalipe. Nimejifunza zaidi ya nilivyotarajia. Maswali mawili. Mkanda gani? Na vitu vyeupe: harusi yetu wanaume wote kanzu, na picha za simu zao siku zote nyuso zatoka nyeusi tii. Na mkanda ni hivyo hivyo?

fundi_ganjoni

Mkanda: Kodak Gold 200 kwa mchana na ufukwe, UltraMax 400 kwa vichochoro vya Mji wa Kale na jioni. Ukitaka mmoja wa yote, 400.

La kanzu ndilo swali la maana kuliko yote yaliyoulizwa humu. Mita ya kamera, kile kipima mwanga chake, haijui kanzu, inaona mwanga mwingi tu. Inasema "pana nuru sana hapa", inapunguza, na uso wa mtu mweusi unazama. Mkanda wa rangi wa negativu una ukarimu mmoja: ukiuzidishia mwanga haukasiriki sana, ukiupunja ndio unanuna. Kwa hiyo mdanganye mita. Tia mkanda wa 400, halafu pete ya ISO uiweke 200. Kamera itadhani mkanda ni mzito, itaruhusu mwanga maradufu, na nyuso zitatoka.

Na hapo ndipo Canon AF35M na Trip zinawapiga vijana wa miaka ya 90. Hizo mbili pete ya ISO unaizungusha mwenyewe. Za baadaye husoma ile mistari ya fedha na nyeusi kwenye kikebe cha mkanda, mfumo ambao Kodak waliuleta 1983, na mtu hana la kusema. mju II ukiitia mkanda usio na mistari hiyo huuchukulia kuwa ni ISO 100, basi.

Na mchana wa jua la utosi, washa flashi. Ndiyo, mchana. Jua likiwa juu macho huwa mashimo mawili, flashi ndogo ikiwa hatua mbili tatu huyajaza.

mama_kongowea
Jumamosi, saa 12 jioni

Mwanangu, nakupongeza lakini kuna jambo hawa wanaume hawajaligusa. Umesema harusi. Usiku wa kupamba je?

Siku hizi kupamba simu hukusanywa mlangoni, zatiwa kwenye kikapu, kwa sababu wanawake wamevua mabuibui, wamejipamba, na hakuna atakaye picha yake izunguke mjini. Kamera ya mkanda wataiona ni salama, haina intaneti. Lakini mkanda huo nani atausafisha? Ukiupeleka studio, yuko kijana nyuma ya mashine atakayezitazama zote 36 moja moja, na akiziskani zimekuwa ni faili kwenye kompyuta yake. Mwaka jana kwetu ilitokea kitu cha namna hiyo, sitaji mahali, na mtu alipotaka kulalamika akaambiwa "ni makosa ya kompyuta".

Hilo moja. La pili, usipige picha kwenye feri ya Likoni, ni marufuku, wala usielekeze kamera bandarini. Na Mji wa Kale omba ruhusa kwanza. Wazee wa Kibokoni wameshachoka na watalii.

binti_makadara

Mama, hilo la nani atausafisha sikulifikiria hata kidogo. Binamu yangu kupamba ndiko alikonitajia kwanza, "njoo na kamera isiyo na intaneti".

fundi_ganjoni

Nakubali sina jibu.

msanii_wa_tudor
Jumamosi, saa 3 usiku

Mimi ninalo. Na mimi ni mwanamke, nalitaja kwa sababu ya swali.

Nyeusi na nyeupe husafishwa nyumbani, bafuni, na mtu yeyote mwenye subira. Huhitaji chumba cha giza, wahitaji mfuko mweusi wenye mikono ya kuingiza mikono yako, ndani yake uviringishe mkanda kwenye gurudumu la plastiki na kuufungia kwenye tangi. Baada ya hapo taa zote washa. Dawa tatu na maji. Mimi hutumia Ilford HP5, ni ya 400, inasamehe.

Tabu ya Mombasa ni maji. Vitabu vyote vimeandikwa kwa nyuzi 20. HP5 kwenye dawa ya ID-11 isiyochanganywa na maji ni dakika saba na nusu kwa joto hilo. Maji ya bomba langu Tudor mchana yanakaribia 30. Mkanda wa kwanza niliusafisha kwa maji hayo nikafuata dakika za kitabu, ukatoka mweusi kama sufuria la mkaa. Sasa nafanya usiku, naweka chupa za dawa kwenye beseni la barafu, natia kipimajoto, nangoja. Nikishindwa kabisa nafanya kwa nyuzi 24 na kupunguza dakika, lakini sishuki chini ya dakika tano, kwa sababu dawa haipati nafasi ya kuenea sawasawa na mbingu hutoka na mabaka.

Kichekesho ni kwamba mkanda wa rangi, ambao kila mtu anauogopa, hutaka nyuzi 38 kwa dakika tatu na robo. Ulaya wanahangaika kupasha maji. Sisi tumeshafika karibu, unaongeza birika moja. Ila dawa zake hazikai sana zikishachanganywa, na nusu nyuzi ikikosewa rangi hugeuka, kwa hiyo kwa mkanda mmoja haina faida.

Binti_makadara, usiku wa kupamba piga HP5. Njoo nao kwangu, tuusafishe pamoja, negativu uondoke nazo siku hiyo hiyo. Ukitaka nikufundishe uwasafishie wengine, karibu, kahawa ipo na mahamri yapo. Nimekutumia ujumbe wa faragha.

mama_kongowea

Maashallah. Hilo ndilo nililolitaka.

mzee_wa_studio

Barafu! Sisi twalikuwa twanunua barafu ya samaki. Chumba chote chanuka changu, wateja wadhani twakaanga.

binti_makadara
Jumatatu, saa 10 jioni

Nimekwenda kuzitazama zote mbili, nimebeba AA zangu na tochi.

Trip 35 kwanza, maana ami wa studio alinishika moyo. Ni nzuri jamani, nzito, chuma kitupu. Nikaiweka kwenye A, ya kujipimia mwanga yenyewe, nikatoka nayo nje saa sita na nusu, jua la utosi, nikaelekeza kwenye ukuta mweupe. Bendera nyekundu. Nikaelekeza kwenye bahari. Bendera nyekundu. Mwenyewe akasema "labda imechoka na jua".

mzee_wa_studio

Seleniamu imekufa hiyo. Ilikaa nje miaka bila kifuniko cha lenzi. Basi, nimenyamaza. Kama kipande kinaonyesha bendera mchana kweupe, hata mimi sikinunui.

binti_makadara

Canon sasa. Kijumba cha betri kilikuwa na kijani kidogo upande mmoja, sifongo zimeyeyuka kabisa, zilinipaka vidole na buibui. Lenzi safi. Nikatia AA, nikabonyeza: ule mlio wa blenda! Muuzaji mwenyewe aliruka, alikuwa yuaiuza kama pambo. Nikamwonyesha kijani, nikamwonyesha masizi kidoleni. Tumemaliza kwa 4,200 pamoja na kamba ya mkono. Fundi, nakuja Jumatano kwa ajili ya sifongo.

fundi_ganjoni

Njoo asubuhi. Usinunue sifongo yoyote, ninayo.

tuktuk_ya_buxton

Nitakuleta bure. Lakini nipige picha moja na tuktuk.

binti_makadara
Wiki tano baadaye, Jumapili usiku

Nimerudi na hesabu.

Mkanda wa kwanza, UltraMax iliyowekwa 200. Picha 36: saba nimekata vichwa, kwa sababu kitundu cha kuchungulia hakioni kile lenzi inachokiona ukiwa karibu, na mimi nalikuwa karibu mno. Fundi alinionya kuhusu ile mistari ya ndani ya kitundu inayoonyesha mpaka wa picha ya karibu, nikaisahau. Tatu nimepiga kupitia dirisha la matatu na mwale umegonga kioo, nje ni ukungu. Moja ni kiatu changu. Nyingine ni nzuri kuliko nilivyostahili. Kanzu ni nyeupe na nyuso ni nyuso, mtu na rangi yake. Yuko tuktuk_ya_buxton pia, amesimama mbele ya chombo chake kama gavana.

Mkanda wa kupamba, HP5, flashi yote. Tuliusafisha Tudor usiku wa Jumanne, saa tano, barafu za kilo mbili. Msanii alipoutoa kwenye tangi akauning'iniza bafuni, tulisimama chini yake tukizitazama zikidondosha maji, mikono ya hina ikiwa myeupe na meno yakiwa meusi, maana negativu hugeuza weusi kuwa weupe, tukacheka mpaka jirani akagonga ukuta. Negativu ziko kwa bi harusi mwenyewe. Hakuna nakala nyingine popote.

Ya nyanya nilimpiga kibarazani, Makadara, baada ya alasiri, nikaichapisha kubwa nikampelekea kwenye bahasha. Akaitoa, akaivalia miwani, akaigeuza dirishani.

"Hino nimefumba macho. Nipige tena."

mzee_wa_studio

Baada ya alasiri kibaraza kina kivuli. Tia 400, na hino mara hesabu mpaka tatu kwa sauti, ubonyeze kwenye mbili.